Daftari la Tokuji

Nimelikuta nyuma ya tangi la mafuta ya taa,
limefungwa kamba ya kiatu, linanuka hita.
Jalada la buluu. Mwandiko wako wa kubanabana,
kama mtu anayelipia kila herufi.

Oktoba: panda paa, gusa kila msumari.
Oktoba: kengele ya moshi, ibonyeze hadi mbwa abweke.
(Mbwa amekufa, Tokuji. Niliibonyeza,
nikabweka mwenyewe, nikacheka, nikashuka kwenye stuli.)
Novemba: kabati la vyombo, kaza skrubu za ukutani,
ardhi haibishi hodi ikija kutikisa.

Hapa Rumoi theluji haianguki, huhamia.
Hufika na mizigo yake yote,
hukaa dirishani, hukaa mlangoni,
hukaa juu ya paa kama mgeni aliyepita siku ya tatu
na hakuna aliyethubutu kumpa jembe.
Koleo lako la bati nimelishika mimi.
Mpini umeingia shimo pale kidole gumba chako kilipokaa,
changu kinacheza humo, hakijai.

Usiku wa baridi kali nafunga koki kuu,
nafungua bomba la jikoni, la bafuni,
maji yaliyobaki yanashuka ardhini
kwa sauti ya mzee anayemeza dawa.
Mwaka wa kwanza bila wewe nilisahau.
Bomba likapasuka nyuma ya choo,
fundi Kuramochi akaja na uso wa lawama,
akanitoza yeni elfu thelathini na nane,
akasema, Mumeo hakuwa akisahau.
Nilimmiminia chai.
Keki sikumpa.

Januari umeipigia mistari miwili:
chimbua bomba la moshi, asubuhi na jioni,
hata mgongo ukikataa.
Gesi hiyo, uliandika, haina harufu,
haina rangi, haina adabu.
Juzi dhoruba ilivuma siku mbili.
Nilitoka na tochi mdomoni, theluji kiunoni,
ukuta hauonekani, nikahesabu hatua toka kona,
kumi na moja, kama ulivyoandika.
Hizo ni hatua zako. Zangu ni kumi na nne.
Nikachimba hadi bomba likanipumulia usoni
pumzi ya moto, chafu,
nikasema ahsante kama aliyesamehewa deni.

Liko sharti moja sikulielewa.
Halina mwezi. Halina alama ya vema.
Liko chini ya ukurasa wa mwisho, kwa penseli:
Kila usiku. Kipandio cha tatu. Simama. Sikiliza.

Nilidhani ni ubao. Nikaugonga kwa nyundo: mzima.
Nilidhani ni mchwa. Nikauchoma kisu,
mkavu, mgumu kama mkate wa juzi.
Nikampigia Nagisa simu huko Sapporo,
akasema, Mama, labda Baba alikuwa akipumzika tu.
Miaka arobaini na miwili ulichelewa kupanda kulala,
nami nikadhani unakokotoa bili.

Jana nikasimama pale.
Hita ikakohoa, ikatulia. Friji ikanung'unika.
Tone moja, la mwisho, likateremka kwenye bomba.
Huko juu theluji ikajivuta kidogo juu ya bati
kama mtu anayegeuka usingizini.
Kila kitu kilikuwa sawa,
na bado sikio langu likabaki limeinuka,
likielekea mlango wa chumba chetu ulioachwa wazi,
likingojea kitu.

Ndipo nikakumbuka ulivyonitania asubuhi,
supu mkononi, miwani imejaa mvuke:
Fusae, unakoroma kama trekta la ushirika.
Nami nikikana. Kila siku nikikana.

Nilichukua penseli.
Nikatia alama ya vema, moja, ndogo,
kisha nikapanda kulala
na mlango nikauacha wazi.